Mapera Yaliyovalishwa Insha

Mtu wa kwanza kunichukia bila mimi kumkosea aliishi upande wa pili wa ukuta wetu. Labda hakunichukia. Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu, nikajaribu kuweka "kunidharau" mahali pake, kisha "kunishuku", na kila mara nimerudi pale pale. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha, na jina halikumtoka alipostaafu. Mimi alinifundisha darasa la nne na tena darasa la sita. Nilidhani nikimaliza chuo kikuu ataanza kuniangalia kama mtu mzima. Hakuanza.

Nyumba zetu ni zile za zamani za baraza la jiji, zilizopangwa mistari mirefu, kila moja na kiwanja kidogo nyuma. Karibu kila mtu amejenga kibanda cha mabati kwenye kiwanja chake akapangisha. Mwalimu alipanda miti. Alikuwa na mparachichi mmoja mkubwa uliotupa matawi yake juu ya paa la jikoni letu, mipera miwili mifupi, na mkarakara uliotambaa juu ya choo chake mpaka ukakificha. Upepo ukigeuka na kuvuma kutoka jalala la Dandora, sisi hufunga madirisha mchana na kukaa gizani kama wagonjwa. Wakati huo huo, ukipita karibu na ukuta wake, unanusa mapera. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wamkasirikie.

Lakini alikuwa na njia nyingine nyingi za kukasirisha. Juu ya ukuta alipandikiza vipande vya chupa kwenye simiti. Shina la mparachichi alilivisha mkanda mpana wa bati ili panya wasipande, na juu ya bati akapaka grisi nzito iliyotoka kwenye karakana moja ya mtaa wa Baba Dogo, ili binadamu naye asipande. Kwenye matawi alining'iniza sidii za zamani za filamu, ziwatishe ndege. Jua la saa nne likizipiga, mwanga wake ulikuwa ukicheza kwenye kuta za chumba chetu, na mimi, niliyekuwa nimekaa humo siku nzima nikiandika maombi ya kazi, nilikuwa na hakika kwamba amezielekeza kwangu makusudi.

"Hiyo si shamba, ni Kamiti," alisema Jaymo, rafiki yangu wa mstari wa tatu. "Matunda yamefungwa maisha."

Jambo lililomfanya ajulikane hata mitaa ya mbali ni mapera. Kila pera, likiwa bado dogo kama gololi, alilivisha mfuko na kuufunga kwa uzi, ili nzi wa matunda wasitage ndani. Zamani alitumia mifuko ya plastiki. Ilipopigwa marufuku, hakubabaika. Alikuwa na maboksi ya karatasi za mitihani na insha za wanafunzi wake, miaka na miaka, ambazo hakuwahi kuzitupa wala kuzirudisha. Alikata kila karatasi, akaikunja ikawa bahasha, akaisugua mshumaa ili mvua isiilegeze, akaivalisha pera. Kwa hiyo mipera yake, msimu ukifika, ilining'iniza makosa yetu yote. Ukisimama kwenye bomba la maji ungeweza kusoma: "Siku ambayo sitaisahau." Wino mwekundu chini yake: "Ungeisahau tu."

Insha yangu ya darasa la sita ilikuwa kwenye tawi lililoelekea mlango wetu. Nilipata alama tisa kwa arobaini. Jina langu lilikuwa juu, limeandikwa kwa herufi kubwa na mtoto aliyejiamini. Niliiona asubuhi moja nikiwa napiga mswaki. Sikuweza kuamua kama ilikuwa bahati mbaya au ujumbe. Nilihesabu matawi. Nilisimama jikoni, kisha chumbani, nikapima kwa macho ni wapi inaonekana vizuri zaidi. Mama, aliyekuwa akijiandaa kwenda kiwandani, aliniuliza natafuta nini dirishani.

"Mwalimu ameweka insha yangu pale."

"Basi iache iweke pera," Mama akasema. "Angalau imepata kazi."

Wanaomtetea Mwalimu, na wapo wachache, husema alikuwa mkarimu kwa njia yake. Ni kweli, na njia hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Tunda hakukupa. Mche alikupa. Alipanda mbegu za parachichi za kienyeji kwenye pakiti za maziwa, kisha akapandikiza juu yake kijiti cha mti mzuri, akafunga kwa utepe, na yeyote aliyeomba alipewa bure. Ila baada ya hapo ulikuwa mwanafunzi wake tena. Alikuja bila hodi kukagua. Mama aliuchukua mmoja, akaupanda kwenye mtungi uliopasuka, na tukasahau kuumwagilia wiki ambayo maji yalikatika. Mwalimu akaja, akauvuta ule mche mkavu, akaushika mbele ya uso wa Mama.

"Mama Dennis, wewe una watoto wangapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

"Mungu alijua."

Akaondoka na mche wake mkavu kama mtu aliyebeba maiti ya jamaa yake. Mama alicheka siku ile. Mimi sikucheka. Nilijiuliza mpaka jioni kama maneno yale yalikuwa juu ya mche au juu yangu.

Kulikuwa na aina moja tu ya watu waliopata matunda yenyewe kutoka kwake: wajawazito. Hawa hakuwangoja waombe. Alimwona msichana akipita, akamsimamisha, akampa maparachichi mawili yaliyoiva, akamwambia ale moja asubuhi na moja jioni. Tatizo ni kwamba alijua kabla ya mtu yeyote. Msichana mmoja wa mstari wa pili alipewa mawili mbele ya duka, watu wamejaa, na kabla hajafika kwao habari zilikuwa zimemtangulia. Tangu hapo wasichana wa mtaa wetu walizunguka mbali kuepuka lango la Mwalimu. Yeye aliona wote wamekosa adabu, hawasalimii siku hizi.

Yeye mwenyewe hakula parachichi. Lilimwasha ulimi. Nilipolijua hilo nilikasirika upya, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka awe mchoyo wa kawaida, anayejifungia ndani na kula peke yake. Badala yake alikuwa anayalinda matunda ambayo hayamfai, na alipoulizwa yatakuwa tayari lini, jibu lilikuwa neno moja.

"Bado."

Mwezi mzima, bado. Matunda makubwa kama ngumi mbili, yamening'inia juu ya paa letu, bado. Alisema parachichi haliivi juu ya mti, kwamba linakomaa tu, na likivunwa kabla halijakomaa umepoteza kila kitu. Alikuwa akikata tunda moja la majaribio, anatazama ganda la mbegu kama limegeuka kahawia, anatikisa kichwa. Na alipovuna hatimaye, alitumia ufito mrefu wenye kopo lililochongwa meno na soksi iliyofungwa chini yake, akikata kila tunda na kikonyo chake. Ukichomoa kikonyo, alisema, umefungua mlango wa kuoza. Sisi tulisikia maelezo haya yote kama watu wanavyosikia maelezo ya mtu ambaye hataki tu kugawa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike haya.

Ilikuwa Jumamosi mchana, foleni ndefu kwenye bomba. Mwalimu alitoka langoni ameshika karatasi iliyochanika kwa ncha za vidole, kama mtu anayeshika panya kwa mkia.

"Dennis!"

"Naam, Mwalimu."

"Hii ni ya nani?"

Niliitambua kutoka mbali. "Ni yangu, Mwalimu. Ni insha yangu."

"Imeokotwa mlangoni kwenu. Pera lililokuwa ndani liko wapi?"

"Sijui, Mwalimu."

"Amelimeza na alama zake!" mtu akasema nyuma, na foleni yote ikacheka.

Mwalimu hakucheka. "Wezi wengine huacha alama ya kiatu," akasema. "Huyu ameacha jina lake na darasa lake."

Mama Brayo, aliyekuwa akiuza githeri kwenye meza yake chini ya ukuta wa Mwalimu, aliweka mwiko chini. "Lakini Mwalimu, si ni wewe ulifunga pera na karatasi ya huyu kijana? Ingekuwa ya Jaymo ungesema ni Jaymo?"

"Mama Brayo, uza githeri."

Naye akauza githeri. Mimi nilibaki nimesimama na mtungi. Nilijua nilipaswa kusema kitu kifupi na chenye nguvu, na kwa miezi miwili iliyofuata nilitunga vitu vifupi na vyenye nguvu karibu kila asubuhi. Pale bombani nilisema, "Sawa, Mwalimu." Ilisikika kama kukiri. Kuanzia siku hiyo jina langu mtaani likawa Insha. "Niaje, Insha." "Insha, umeshiba?" Watoto waliokuwa hawajazaliwa nilipoiandika waliijua.

Ningevumilia jina. Lakini Mwalimu alikuwa pia mwenyekiti wa Nyumba Kumi katika mstari wetu, yule anayejua nani anaishi wapi, na chifu hagongi muhuri kwenye barua ya mtu bila neno la mwenyekiti wake. Wiki chache baada ya mambo ya bombani, baada ya maombi ambayo sitataja idadi yake, nilipata kazi. Karani wa bohari huko Baba Dogo. Walinitaka nilete vyeti vyangu na barua ya chifu ya tabia njema, kabla mwezi haujaisha. La sivyo wangempa anayefuata.

Nilienda kwake nimevaa shati la mahojiano. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akisugua mshumaa kwenye karatasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umevaa hivyo kuja hapa tu?"

Nilimweleza. Aliendelea kusugua.

"Chifu anataka neno gani?"

"Kwamba unanifahamu."

"Nakufahamu."

"Na kwamba mimi ni mwaminifu."

"Hapo sina hakika."

"Mwalimu, kwa sababu ya pera moja?"

Akainua macho. "Kumbe unajua lilikuwa moja."

Niliondoka. Nilirudi mara tatu. Mara ya kwanza aliniambia bado ananiangalia. Mara ya pili alinipa jembe nigeuze mboji yake, nikageuza, nikamaliza, akaniambia asante na kwaheri. Mara ya tatu lango lilikuwa limefungwa. Dada yake alikuwa amefariki kwao magharibi, naye alikuwa ameondoka na basi la alfajiri. Ufunguo wa kiwanja alimwachia Mama Brayo, amwagilie mipera. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili mwezi uishe.

Nilikaa siku mbili nikihesabu. Mazishi ya huko hayaishi haraka. Kuna matanga, kuna vikao vya familia, kuna kunyoa. Nilijiona tayari nikiwa na miaka arobaini, kwenye chumba kile kile, na zile sidii zikimulika ukutani.

Siku ya tatu, Jumamosi, Jaymo na wenzake walimwendea Mama Brayo wakamwomba ufunguo. Akakataa. Wakamwambia Mwalimu hayupo, matunda yataoza, hata yeye atapata ya kuuza na githeri. Akawaambia avokado zake hununua sokoni na zinamtosha.

Ndipo Jaymo akaja kwangu.

"Insha, matawi yote yako kwa paa yenu. Hata hatuguswi na hizo chupa."

"Haijakomaa," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilisikia sauti ya Mwalimu mdomoni mwangu na nikachukia.

"Manze, wewe tayari ni mwizi. Mtaa mzima unajua. Si afadhali ule?"

Mama alikuwa kazini. Ningeweza kusema ningoje, nifikirie, kwa kuwa kufikiria ndicho kitu pekee ninachokifanya bila kuombwa. Siku hiyo sikufikiria. Nilitoa ngazi, nikaiegemeza, na nikapanda wa kwanza. Tulikuwa watano juu ya mabati. Tulivuta matawi, tukayatikisa, tukachomoa matunda kwa mikono, vikonyo vikabaki mtini. Watu walikuja na beseni na mashuka. Wengine walikuwa wazazi wa watu niliosoma nao. Mama Brayo alisimama kwenye meza yake akituangalia, ufunguo shingoni. Saa moja haikuisha, mparachichi ukabaki majani.

Mimi nilichukua kumi na manne. Niliyaweka chini ya kitanda, ndani ya boksi, nikafunika na magazeti. Nilitia ndizi mbivu katikati kwa kuwa nilisoma inasaidia. Mtaa mzima ulifanya hivyo hivyo. Watu waliyazika kwenye unga, wakayafunga kwenye blanketi. Hayakuiva. Baada ya wiki yalinywea, ganda likakunjamana kama la mkono wa mzee, na ukikata ndani unakuta kitu kigumu cha kijani kinachovutika kama mpira, kichungu. Nilikula moja lote. Nilihisi nina deni la kulimaliza. Yaliyokuwa laini yalikuwa yameozea kwenye tundu la kikonyo. Taka zikajaa maparachichi, na wazoaji taka wakauliza mtaa huu umeingiwa na nini.

Mwalimu alirudi tarehe ishirini na nane.

Nilimwona kupitia dirishani akiingia na begi lake, kichwa kimenyolewa, amefunga kitambaa. Alisimama chini ya mti kwa muda mrefu. Alinyanyua mkono akashika tawi la chini, akapitisha kidole juu ya kikonyo kilichobaki. Alikwenda kwenye kingine. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kwenye kigoda chake akalaza begi magotini, na sikuweza kuendelea kutazama.

Saa kumi jioni akabisha kwetu. Alibisha. Hajawahi.

"Karibu, Mwalimu. Pole kwa msiba."

"Siketi." Alikuwa mwembamba kuliko alivyoondoka. Alishika bahasha. "Kwa dada yangu kuna mpera. Nilimfundisha kuyafunga mapera yake. Siku ya tatu ya matanga niliwaona kuzumburu, wale ndege wa kijivu wenye mkia mrefu, wakirarua karatasi na kula ndani. Walichukua moja wakaruka nalo na karatasi yake, wakaiangusha kwenye mlango wa jirani."

Nilitazama kizingiti chetu.

"Nilikosea," akasema. Alilitamka kama neno la lugha ambayo hakuisomea. "Niliandika hii huko huko, usiku wa matanga. Isome kama ina makosa."

Niliisoma. Mwandiko wake ulikuwa ule ule wa ubaoni. Ilisema ananifahamu tangu nikiwa darasa la nne, kwamba aliwahi kunishuku kwa haraka na bila ushahidi, na kwamba katika miaka yote hiyo sijawahi kugusa kitu kisicho changu. Boksi lilikuwa hatua tatu kutoka alipokuwa amesimama. Mlango wa chumba ulikuwa wazi.

"Ina makosa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi ipeleke kesho." Akageuka. Nilimfuata hadi mlangoni, barua mkononi, nikiwa na sentensi nzima tayari kinywani. Ilikuwa fupi na yenye nguvu. Lakini alikuwa ameshafika kwenye meza ya githeri.

"Mama Brayo. Nilikuachia ufunguo."

"Ndiyo, Mwalimu. Huu hapa."

"Nikikuachia ufunguo nakuachia mti. Nani alifungua?"

"Hakuna aliyefungua. Walipita juu."

"Juu ya paa la nani?"

Watu kwenye foleni ya githeri walitazama sahani zao. Jaymo alikuwa pale. Aliinama kufunga kamba ya kiatu. Mama Brayo akanyanyua uso akaniona mlangoni. Aliniona mimi, kisha karatasi. Mtaa mzima ulijua nangoja karatasi gani.

"Sikuona, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa nauza."

"Ulikuwa umekaa hapa hapa."

"Nilikuwa nauza."

Mwalimu akavuta ule ufunguo kutoka mkononi mwake. "Ukuta huu ni wangu. Kivuli hiki ni changu. Tafuta ukuta mwingine." Akaingia kwake, akafunga lango.

 Foleni ikatawanyika, wengine na sahani bado nusu. Mama Brayo akafunika sufuria, akakusanya vijiko kwenye ndoo, kila kimoja mahali pake. Nilivuka njia. Nilisema, "Mama Brayo," na sentensi iliyofuata haikuja, ingawa nimeipata mara nyingi tangu wakati huo.

"Kazi inaanza lini?" akaniuliza.

"Mwezi ujao."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei akaiona ni sawa. Kisha akashika upande mmoja wa meza.

"Shika ule mwingine," akasema. "Lakini kwanza weka hiyo karatasi mfukoni. Isikunjike."